Diski moja, milango mitatu: namna ya kutengeneza diski yako ya kusakinishia

Kijana mmoja, fundi wa Makorora, aliniletea DVD mbili hapa Ngamiani, Tanga. Moja ilikuwa Debian halisi, yaani mfumo endeshi huria wa Linux, nyingine aliichoma mwenyewe. Alikuwa ameifungua ile ya kwanza, akanakili mafaili yote kwenye folda, akaongeza programu chache za shule, kisha akachoma folda ile kwenye DVD tupu. Ukizifungua zote mbili kwenye kompyuta ambayo tayari imewaka, huoni tofauti: folda zilezile, majina yaleyale, hata ukubwa unakaribiana. Lakini ukiiwasha kompyuta kwa ile ya kwanza, menyu inatokea. Ukiweka ya pili, kompyuta inaipita kana kwamba haina kitu.

"Kaka, nimenakili kila kitu," aliniambia. "Sijaacha hata faili moja."

Alisema kweli. Faili hakuacha. Alichoacha hakionekani ndani ya folda yoyote, na hapo ndipo mafundi wengi wanapokwama.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu linazidi kutuhusu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za mtumba zilizomo shuleni hazina sifa hizo. Bado zina nguvu ya kuandikia, kufanyia hesabu na kusomea, ila zinahitaji mfumo endeshi mwingine. Kama ni kompyuta moja, unapakua Debian au Ubuntu, unasakinisha, kazi imeisha. Mimi zilikuwa zinanisubiri ishirini na nne, katika shule moja ya upande wa Pongwe. Diski ndogo ya Debian, ile iitwayo netinst, haifiki gigabaiti moja, lakini imebeba msingi tu. Dawati (mandhari ya madirisha na ikoni), LibreOffice ya kuandikia na kivinjari inavivuta kutoka intaneti wakati wa kusakinisha, na kila kompyuta inaweza kumeza gigabaiti moja na zaidi. Zidisha kwa ishirini na nne, halafu ulipe kwa bando la simu. Na maswali pia: lugha gani, nchi gani, kibodi gani, saa za wapi, jina la mtumiaji nani, yaleyale mara ishirini na nne.

Diski unayoitengeneza mwenyewe hubeba programu zote ndani yake na huja na majibu mkononi. Lakini ili uitengeneze, lazima ujue kompyuta inaingiaje ndani ya diski.

Faili la ISO ni picha ya diski nzima, baiti kwa baiti. Jina limetokana na kanuni ya ISO 9660 ya mwaka 1988, iliyopangwa kwa ajili ya CD. Kwa kanuni hiyo diski hugawanywa katika vipande vya baiti 2,048. Vipande 16 vya mwanzo, yaani baiti 32,768, kanuni iliviacha bila kazi. Maelezo ya diski yanaanzia kipande namba 16, ukihesabu kuanzia sifuri. Mafaili unayoyaona ukifungua diski yanakuja baada ya hapo. Kwa hiyo tangu mwanzo kuna sehemu ya diski ambayo iko nje ya mafaili, na huko ndiko iliko milango.

Mlango wa kwanza ni wa CD na DVD kwenye kompyuta za BIOS, ile programu ya zamani ya ndani ya kompyuta inayoanza kazi unapoiwasha. Mwaka 1995 kampuni za Phoenix na IBM zilitoa maelekezo yaitwayo El Torito. BIOS ikikuta CD, inakwenda moja kwa moja kwenye kipande namba 17 na kusoma pale anwani ya daftari dogo. Daftari hilo linaitajia mahali ilipo programu ya kuwashia, ambayo kwa Debian huwa ISOLINUX au GRUB kutegemea toleo. Haitafuti jina la faili. Inafuata namba.

Mlango wa pili ni wa flashi kwenye kompyuta hizohizo za BIOS. Hapa El Torito haina kazi, kwa sababu flashi huchukuliwa kama diski ya kawaida. BIOS inasoma baiti 512 za mwanzo kabisa na kuangalia kama zinaishia na alama ya 55 AA. Zile baiti 32,768 zilizoachwa tupu mwaka 1988 zikaja kutumika hapo: watengenezaji wa Linux walichomeka msimbo wa kuwashia kwenye uwanja ule mtupu, na ndiyo maana faili moja la ISO unaweza kulichoma kwenye DVD au kulimwaga kwenye flashi, na kote likawaka. Mbinu hiyo inaitwa isohybrid, na mimi naihesabu miongoni mwa kazi za kifundi zilizofanywa kwa akili nyingi mno.

Mlango wa tatu ni wa kompyuta za UEFI, iliyochukua nafasi ya BIOS, karibu zote za miaka kumi na zaidi iliyopita. UEFI inajua kusoma sehemu yenye mpangilio wa mafaili uitwao FAT, na humo inatafuta faili la jina maalumu: EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Kwa hiyo ndani ya ISO hufichwa picha ndogo ya diski ya FAT, na anwani yake huandikwa mara mbili, kwenye daftari la El Torito kwa ajili ya DVD na kwenye jedwali la sehemu za diski kwa ajili ya flashi.

Sasa rudi kwa kijana wa Makorora. Alihamisha vyombo vyote vya nyumba, sahani hadi mikeka, akavipanga kwenye nyumba mpya isiyo na mlango. Kompyuta ilipiga hodi kipande namba 17, haikuitikiwa, ikaenda zake.

Chombo cha kazi hii ni xorriso. Kinafungua ISO, na kinaifunga tena pamoja na milango yake. Amri ya kufungia ni ndefu na ina vigezo vingi, nami sishauri mtu aikariri wala kuinakili kutoka popote, maana hubadilika toleo kwa toleo. Iulize diski halisi yenyewe:

xorriso -indev debian.iso -report_el_torito as_mkisofs

Itakuandikia vigezo ilivyotengenezwa navyo. Hivyo ndivyo unavyovitumia kufungia ya kwako. Kabla ya hapo hakikisha ISO uliyopakua ni nzima: linganisha jumla yake ya sha256sum, namba ambayo hubadilika hata baiti moja ikibadilika, na iliyotangazwa na Debian. Bando likikatika usiku wa manane na upakuaji ukaendelea asubuhi, baiti moja ikiharibika utahangaika siku tatu ukitafuta kosa lako mahali ambapo hujakosea.

Mlango ukifunguka, kazi inaendelea kwa kupokezana kijiti. Programu ya kuwashia inaonyesha menyu, kisha inapakia vitu viwili kwenye RAM: kerneli ya Linux, na furushi la mafaili liitwalo initrd. Kerneli huzungumza na vifaa. Initrd ni makazi ya muda yanayoishi ndani ya RAM tu, na kwa Debian kisakinishi chenyewe kinaamkia humo. Kikishaamka kinaitafuta diski iliyokileta, kinaifungua, kinauliza maswali, kinagawa diski ya kompyuta, kinamwaga mfumo wa msingi, kinaongeza programu, na mwishoni kinaweka GRUB ili kompyuta iweze kuwaka yenyewe.

Tazama mpangilio huo vizuri. Kisakinishi kinaamka kabla hakijaiona DVD. Kwa muda fulani kinajua tu kilichomo ndani ya initrd. Ukilishika hilo, nusu ya matatizo ya diski za kujitengenezea yanajieleza yenyewe.

Debian ina utaratibu wa faili la majibu, liitwalo preseed. Ni faili la maandishi ya kawaida, kila mstari ukijibu swali moja. Mstari wa saa, kwa mfano, huandikwa hivi:

d-i time/zone string Africa/Dar_es_Salaam

Watu huliandika vizuri, wakaliweka kwenye DVD, wakaelekeza menyu ilisome, halafu wanalalamika: mbona bado inaniuliza lugha na kibodi? Inauliza kwa sababu maswali hayo yanakuja kabla diski haijafunguliwa. Majibu yapo, ila yamefungiwa ndani ya sanduku ambalo muulizaji hajalifikia. Ukiliweka faili hilo kwenye seva ya mtandao, linachelewa zaidi, kwani litasomwa baada ya mtandao kuunganishwa, na maswali ya mtandao yatakuwa yameshaulizwa. Ukiliweka ndani ya initrd kwa jina la preseed.cfg, linasomwa kabla ya swali la kwanza. Mimi huliweka humo. Initrd imefungashwa kwa cpio na kubanwa kwa gzip, kwa hiyo unaifungua kwa gunzip, unaongeza faili lako kwa cpio, unaibana tena. Kisha unatengeneza upya faili la md5sum.txt, la sivyo atakayechagua kuikagua diski kwenye menyu ataambiwa imeharibika.

Neno la siri usiliandike wazi kwenye preseed. Yeyote atakayeishika diski anaweza kulisoma, na diski za shule hupita mikono mingi. Lisokote kwanza kwa mkpasswd, uweke ule msokoto, ambao hausomeki kama neno lenyewe.

Kuna swali moja ambalo nimeamua kutolijibu mapema, nalo ni la kufuta diski ya kompyuta. Preseed inaruhusu. Unaandika mistari michache, na kuanzia hapo diski yako itafuta kompyuta yoyote itakayowashwa nayo bila kumuuliza mtu. Katika chumba cha kompyuta mpya inaonekana ni raha. Lakini diski haikai chumbani. Wiki ijayo mwalimu ataiazima, ataichomeka kwenye kompyuta yenye matokeo ya kidato cha nne au picha za harusi ya dada yake, atakwenda kuswali Adhuhuri, na akirudi hakuna kitu. Kwa hiyo diski zangu zinajibu kila swali, zikifika hapo zinasimama. Anayesema ndiyo ni mtu aliyeketi mbele ya kioo.

Nilifika kwenye uamuzi huo kwa njia ya kosa langu mwenyewe, tena dogo kuliko hilo. Siku ya kwanza kule Pongwe nilikuwa nimeandika kwamba GRUB iwekwe kwenye /dev/sda, nikiamini kuwa sda ndiyo diski ya kompyuta. Kompyuta nne za kwanza, kila moja na flashi yake, zilisakinishwa bila tatizo. Nilipochomoa flashi na kuziwasha, hakuna hata moja iliyowaka. Niliporudisha flashi, zikawaka zote. Sababu ni kwamba Linux hutoa majina hayo kwa mpangilio ambao vifaa vimegunduliwa, na kwenye kompyuta zile flashi ilitangulia. Flashi ilikuwa sda, diski ya kompyuta ilikuwa sdb, nami nilikuwa nimeagiza mlango wa kutokea ujengwe kwenye gari lililoleta mizigo. Ungetumia DVD usingekutana na hilo, kwa sababu kiendeshi cha DVD huitwa sr0. Na diski za kisasa za NVMe huitwa nvme0n1, kwa hiyo kuandika sda kwa imani ni kosa pande zote mbili. Swali hilo nalo nimeliacha wazi.

Sasa programu zenyewe. Katika Debian programu huja katika vifurushi, mafaili yanayoishia na .deb, usichanganye na vifurushi vya simu. Ndani ya diski kuna folda ya pool yenye vifurushi, na folda ya dists yenye madaftari. Daftari la Packages linaorodhesha kila kifurushi, toleo lake, ukubwa wake na jumla yake ya SHA256. Faili la Release linaorodhesha jumla za madaftari. Ukichukua kifurushi ukakitupia ndani ya pool, kisakinishi hakitakijua kamwe, kwa sababu hakitembei kati ya rafu, kinasoma daftari. Lazima madaftari yaandikwe upya kwa apt-ftparchive, na kwa mpangilio: Packages kwanza, Release baadaye.

Njia nyepesi, ambayo naipendekeza kwa anayeanza, ni kuacha pool kama ilivyo. Tengeneza folda pembeni kwenye diski, iite ziada, weka vifurushi vyako humo, halafu tumia mstari wa late_command kwenye preseed. Amri hiyo huendeshwa mwishoni kabisa, mfumo mpya ukiwa tayari umekaa kwenye /target. Unainakili folda kwenda huko, kisha unaagiza apt, meneja wa vifurushi wa Debian, isakinishe vilivyomo. Kwa njia hiyohiyo unaweza kupeleka faili la Kiwix lenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo wanafunzi wataisoma bila intaneti. Kwangu mimi hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya diski ile.

Mtego uliopo ni utegemezi. LibreOffice si kifurushi kimoja. Inategemea vingine vingi, navyo vina wategemewa wao. Amri ya apt-get install --download-only huvikusanya vyote na kuvitunza kwenye /var/cache/apt/archives. Lakini usiiendeshe kwenye kompyuta yako ya kazini. Apt haipakui ambacho tayari unacho, na kompyuta ya fundi ina kila kitu. Utaondoka na orodha pungufu bila kujua, na diski itakataa mbele ya mwalimu mkuu. Sakinisha kwanza Debian ya toleo lilelile, tupu, ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya yako, na ukusanyie huko.

Nafasi nayo ni ya kupimia. DVD ya safu moja hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo kompyuta nyingi huzionyesha kama gigabaiti 4.38. DVD ya kwanza ya Debian tayari inakula sehemu kubwa ya hizo. Ukitaka kuongeza mengi, anzia netinst au hamia kwenye flashi.

Zamani ilikuwepo sababu nyingine ya kutengeneza diski yako: Wi-Fi. Kadi nyingi haziwaki bila programu ndogo za mtengenezaji, na Debian ilikuwa haiziweki kwenye diski rasmi kwa kuwa si huria. Wanachama wake walipiga kura mwaka 2022, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 zimo. Lakini angalia umri wa kompyuta: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa za biti 32. Zile nzee kabisa zinaishia Debian 12.

Kuna wanaoogopa kwamba Secure Boot ya UEFI, ukaguzi wa sahihi wakati kompyuta inawaka, itaikataa diski yoyote iliyoguswa. Inategemea umegusa nini. Programu ya kuwashia na kerneli zina sahihi ya kidijitali, na ukizijenga upya mwenyewe sahihi inavunjika. Faili la menyu na initrd havikaguliwi kwa njia hiyo. Ndiyo maana unaweza kuingiza preseed ndani ya initrd na kompyuta ikaendelea kuikubali diski.

Kabla hujachoma, jaribu kwa QEMU au VirtualBox. Na ukijaribu, kumbuka ile milango. Ukiipa QEMU faili lako kama CD, umejaribu mlango wa kwanza tu. Ipe tena kama diski ya kawaida, ujaribu wa pili, kisha uiendeshe na OVMF, ambayo hujifanya UEFI, ujaribu wa tatu. Mimi niliwahi kuridhika na jaribio la kwanza peke yake, nikasafiri na flashi hadi Muheza, na kule ikagoma.

Kwa Windows utaratibu unafanana ila majina ni mengine. Faili la majibu huitwa autounattend.xml na hukaa kwenye mzizi wa diski. Kinachowasumbua wengi ni faili la install.wim, ambalo siku hizi mara nyingi huzidi gigabaiti 4, na mpangilio wa FAT32 haupokei faili moja la ukubwa huo. Huna budi kulikata kwa DISM, chombo cha Microsoft. Lakini leseni yake haikupi ruhusa ya kugawa diski uliyoibadilisha. Zile Windows "zilizopunguzwa" zinazouzwa kwenye flashi, zikiwa zimeshafunguliwa kwa programu za wizi, mimi siziweki kwenye kompyuta ya mteja. Aliyeingia ndani kuvunja ukaguzi wa leseni aliweza kuweka chochote kingine humo, na huna daftari la kulinganisha. Kwa Debian leseni zinakuruhusu kubadilisha na kugawa. Ukiigawa hadharani, ipe jina lako, usiiite Debian rasmi, maana jina hilo ni alama ya biashara yenye masharti yake.

Ukiichoma kwenye DVD, punguza kasi. Viendeshi vya kompyuta za mtumba vina lenzi zilizochoka, na unyevu na vumbi la hapa kwetu havizisaidii.

Diski huzeeka. Vifurushi vilivyomo ni vya siku ulipoifunga, na kasoro za usalama zilizogunduliwa baada ya hapo bado zimo. Debian hutoa toleo la marekebisho karibu kila baada ya miezi miwili. Mimi sifungi diski upya kila mara. Nafungua ISO mpya pale marekebisho yanapogusa kerneli au kivinjari, nainakili preseed ileile, nakusanya ziada upya, najaribu milango yote. Kazi ya jioni moja. Juu ya kila DVD naandika kwa kalamu ya wino usiofutika: toleo la Debian, tarehe niliyoifunga, na maneno haya, "Itakuuliza kabla ya kufuta. Soma." Pongwe wana nakala mbili, moja kabatini kwa mwalimu wa kompyuta, nyingine ofisini. Yule kijana wa Makorora alirudi juma lililofuata na DVD ya tatu. Tuliiwasha kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani, menyu ikatokea, akaitoa na kwenda kuijaribu kwenye flashi.